Kovu Chini ya Sikio la Mfalme

Mama mkwe wangu alikuwa fundi wa meno ya bandia, na hakuwa mtu wa kusamehe. Mambo haya mawili nilielezwa kabla sijaolewa. La kwanza alinionyesha mwenyewe, aliponiingiza kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, ambako vinywa vya plasta vilipangwa rafuni vikicheka bila wenyewe. La pili aliniambia mume wangu kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuonyesha kipandio kibovu cha ngazi: "Mama ukimkosea, omba radhi siku hiyohiyo. Kosa likilala, limelala naye." Kulikuwa na jirani aliyewahi kusema kwamba meno ya Mama yanagonga kama kwato. Jirani huyo alizeeka, akapata mapengo, akaenda kutengenezewa meno mji mwingine.

Baba mkwe alikuwa kinyume chake kabisa. Alifanya kazi ya umeme kwenye kiwanda cha nguo mpaka akastaafu, na starehe yake ilikuwa sarafu za zamani. Alizilaza kwenye droo zilizotandikwa pamba, na akikuonyesha moja alishusha sauti, utafikiri inasinzia. Kila Jumamosi alivaa shati safi akaenda kwenye chama chao cha wakusanya sarafu, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya shule. Huko waliketi kuzunguka meza moja ndefu iliyofunikwa kitambaa kizito cha kijani, wakabishana juu ya vitu ambavyo mimi nikiviokota barabarani ningevipa watoto wachezee.

Chama kiliongozwa na mwenye duka la saa, na sote tulimwita Mwenyekiti hata tukikutana naye sokoni. Alikuwa nadhifu, mwenye sauti nzito ya mtangazaji wa redio. Mizani na lenzi za chama alizitunza yeye.

Kwa miaka mingi Baba aliitamani sarafu moja tu, ya fedha, yenye kichwa cha mfalme mwenye ndevu. Zilitengenezwa chache, kisha mtambo ukabadilishwa. Ilipotokea kwenye mnada wa mtandaoni, kwa muuzaji aliyejiita Hazina ya Babu, Baba aliniomba nimpandishie dau kwa simu yangu, maana vidole vyake vilikuwa vizito kwenye kioo. Tukaipata. Ilipofika alimwita mkewe aje aione. Mama alitoka chumba cha mbele na nta mikononi, akaitazama, akasema, "Mfalme wako anahitaji kinyozi," akarudi kazini kwake.

Jumamosi ile chama kizima kiliishika kwa zamu. Mwenyekiti aliigeuzageuza, akamshika Baba bega, akasema, "Hongera, Mzee. Umefika." Nesi mmoja mstaafu, rafiki wa Baba wa miaka mingi, alisema naye angefurahi kuwa nayo, lakini mambo ya mtandao hayawezi. Baba akamwambia asijali. Haukupita muda ikatokea nyingine, kwa muuzaji mwingine, na mimi na Baba tukamnunulia.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Nesi alimpelekea sonara sarafu yake aitilie kishikizo ili aivae shingoni. Sonara huyo, naye mwanachama, akamwambia kwamba chuma hiki hakimfurahishi. Jumamosi iliyofuata Mwenyekiti akaipima mbele ya wote. Akainua kichwa taratibu, akavua miwani.

"Ndugu zangu," alisema, "hii ni feki. Na aliyeileta humu tunamjua."

Baba alijaribu kueleza kwamba yeye alisaidia tu, na kwamba hata yake mwenyewe ilitoka mtandaoni vilevile. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, ule upole unaochoma kuliko tusi, kwamba ile ya kwanza aliitazama juujuu kwa kumwamini mzee mwenzake, na sasa anaona imani yake ilivyotumiwa. Nesi akalia. Mtu mmoja akatamka neno "dalali". Baba akachukua kofia yake. Alipofika nyumbani aliniomba maji, akanywa, akaenda kuzifunga droo zake, na funguo akampa Mama.

"Za nini hizi?" Mama akauliza.

"Tupa."

Tangu siku hiyo Baba hakutoka tena siku za Jumamosi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Mama zaidi. Aliketi uani akitengeneza redio ambazo hazikuwa zimeharibika. Watu wa chama walipokutana naye njiani waligundua ghafla kwamba viatu vyao vina vumbi.

Zikapita siku kadhaa. Kisha jioni moja alinikuta naosha vyombo, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, huyo Hazina ya Babu anapatikanaje?"

"Kwenye mtandao tu, Mama. Hajulikani ni nani."

"Atajulikana," alisema. "Mimi na yeye tutakula sahani moja."

Akaichukua ile sarafu ya Baba, akaiweka chini ya taa yake ya kazi. Mtu anayemimina chuma kwenye kalibu kila siku ya maisha yake anajua chuma kilichomiminwa kinavyokuwa. Alinionyesha vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano penye shavu la mfalme, pale hewa ilipokwama. Alinionyesha herufi zilizolegea kingo, kama sabuni iliyoanza kutumika. Sarafu halisi, Baba alituambia kwa shingo upande bila kuinua macho kwenye redio yake, haimiminwi. Inagongwa kwa nguvu mara moja, na herufi zake hutoka na makali.

"Na hiki nini?" Mama aliuliza. Chini ya sikio la mfalme kulikuwa na mkwaruzo mfupi uliopinda kama ukucha.

"Kovu la kuanguka," Baba akajibu. "Sarafu za zamani zote zina makovu."

Mama akaendelea kuukodolea macho. Akaniambia nifungue ule mnada nimwonyeshe sarafu zote za mfalme yule zilizouzwa na zinazouzwa. Nikamfungulia. Alikuza picha moja baada ya nyingine mpaka akafika kwa muuzaji aitwaye Sanduku la Shangazi, akasimama hapo. Chini ya sikio kulikuwa na ukucha. Kwa muuzaji mwingine, aliyejiita Urithi Safi, ukucha uleule.

"Wewe umewahi kuona watu watatu walioanguka sehemu tofauti, wakapata kovu moja, mahali pamoja?" akaniuliza. "Iko moja halisi iliyoanguka. Mtu akaichukulia kalibu, na kovu likaingia na lenyewe. Wote hawa ni watoto wa mama mmoja. Na mwenye majina haya yote ni mtu mmoja."

Tuliwaandikia wenye mnada. Wakatujibu kwa maneno yaleyale wanayowajibu wote, wakatushukuru kwa kuwa wateja wao. Nikaandika onyo chini ya tangazo moja. Likafutwa, nami nikafungiwa. Nikafungua akaunti nyingine kwa jina la dada yangu, na Mama akaniambia kuanzia hapo nisiandike chochote, nitazame tu.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, Mama akisugua taya la mteja, nilipomwonyesha tangazo jipya la Urithi Safi. Muuzaji alikuwa ameweka picha nyingi, na moja hakuikata vizuri. Sarafu ilikuwa imelala juu ya kitambaa cha kijani, na kwenye pembe ya picha kilionekana kiraka. Kilishonwa kwa uzi wa kijani uliokoza kuliko kitambaa chenyewe.

Mama aliizima mashine yake. Akaitazama picha ile kwa muda mrefu mpaka nikadhani haoni vizuri, nikataka kumkuzia.

"Acha," alisema. "Kiraka hicho nimekishona mimi. Mtu wao alitoboa kile kitambaa kwa sigara, Baba yako akaniletea. Uzi unaofanana ulikuwa umekwisha, nikaweka huu. Nilimwambia, wanaume hawataona."

"Kwa hiyo ni mtu wa chamani?"

"Kitambaa kile hakibaki chamani. Mwenyekiti hukibeba kwake kila wanapomaliza, kwa sababu chumba kinavuja. Mkewe ndiye anayekifua." Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na raha. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua walikuwa wanasema nguo ya meza."

Hapo nikaanza kuelewa. Mtu yule alimuuzia Baba sarafu, akampongeza kwa kuinunua, na sonara alipoigundua ya pili, akampa Baba wizi wake auvae. Nikasema twende polisi, au nimwite mume wangu aje kutoka kazini kwake mbali, au tumwambie Baba.

"Baba yako atamsamehe," Mama alisema. "Namjua. Atasema labda mtu ana shida zake. Na polisi watamwita chumbani, atawaongelea kwa sauti yake ile, atatoka. Mimi nataka meza ileile, watu walewale, na yeye akiwa amekaa palepale."

Tukainunua ile sarafu ya Urithi Safi kwa jina la dada yangu. Kisha tukangoja. Na tulipokuwa tukingoja, mnada uliendelea. Kijana mmoja alinunua ya kwake, akaandika chini ya tangazo kwamba anamshukuru sana muuzaji, sarafu ni zawadi ya baba yake mgonjwa ambaye aliitafuta maisha yake yote. Vidole vyangu vilikuwa tayari kumwandikia. Mama alinipokonya simu.

"Usiguse. Ukimshtua ndege atahama mti."

"Mama, huyu ana mgonjwa."

"Na mimi nina mgonjwa," alijibu, akaelekeza kidevu uani, ambako Baba alikuwa amefungua redio ileile kwa mara nyingine.

Katika kungoja huko, Mwenyekiti mwenyewe alibisha hodi. Alikuwa amefunika mdomo kwa leso. Meno yake ya juu, ambayo Mama alimtengenezea zamani, yalikuwa yamekatika katikati alipotafuna kitu kigumu. Bila meno yale mashavu yalikuwa yameingia ndani, na ile sauti ya redio ilikuwa imebaki upepo mtupu.

"Shamahani shana, Mama," alisema. "Najua mambo yetu hayako shawa. Lakini nina mkutano wa mwaka, na hakuna fundi kama wewe."

Nilikuwa nimesimama kwenye pazia. Mama aliyapokea vile vipande viwili kwenye kiganja, akamwambia aketi. Nilimwona akivisogeza karibu na taa, na nilijua anafikiria nini, kwa sababu alikuwa amenieleza siku nyingi: unyoya tu wa plastiki ukizidi mahali pake, mtu hali kwa raha tena, na hatajua kwa nini. Fizi zitachubuka. Atarudi, utamsugulia kidogo, utamwacha aende, atarudi tena. Angeweza kumtesa mtu yule mwaka mzima, naye angekuwa anasema asante.

Alifanya kazi mchana kutwa. Alipomrudishia, Mwenyekiti aliyavaa, akatafuna hewa, akasema neno "sarafu" mara mbili kujijaribu. Sauti ilikuwa imerudi yote.

"Yamekaa kuliko hata zamani," alisema. Alikuwa amefurahi mpaka akasahau mipaka. "Mama, yaliyopita si ndwele. Njoo mkutanoni, wageni wanaruhusiwa. Mzee kama hataki, njoo wewe. Watu waone hatuna kinyongo."

"Nitakuja," Mama akasema.

Alipotoka nilimuuliza kwa nini amemtengenezea vizuri vile. Alikuwa anafuta meza.

"Nataka siku hiyo atamke kila neno," alisema. "Asije akasingizia meno."

Siku ya mkutano Mama alivaa nguo aliyoivaa kwenye harusi yangu. Baba alituona tukitoka, akauliza tunakwenda wapi, Mama akamwambia tunakwenda kuona watu. Kule juu ya duka la vifaa vya shule viti vilijaa. Sonara alikuwepo, na Nesi alikuwepo, amekaa kando na mkoba wake mapajani. Mwenyekiti aliketi kichwani pa meza, na kitambaa cha kijani kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Alitukaribisha kwa maneno mazuri kuhusu undugu. Walipofika kwenye nafasi ya wageni kuonyesha sarafu zao, Mama akainuka.

"Mwenyekiti, naomba unipimie hii."

Alimpa ile tuliyoinunua kwa Urithi Safi. Mwenyekiti aliitambua, hilo niliona, maana mkono wake ulichelewa kidogo kufika kwenye mizani. Lakini alikuwa mwepesi wa akili. Aliipima, akaitazama kwa lenzi, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, Mama. Hii nayo ni feki. Mzee ametapeliwa tena?"

Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

"Una hakika?" Mama akauliza.

"Hakika kabisa."

"Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie."

"Ni feki," Mwenyekiti akarudia, na kila herufi ilitoka safi.

Mama akamgeukia Nesi. "Dada, najua una hasira na mume wangu. Nakuomba dakika moja tu. Ile yako unayo?" Nesi akafungua mkoba, alikuwa akitembea nayo tangu siku ile, kama mtu anavyotembea na risasi iliyotolewa mwilini mwake. Mama akaiweka mezani. Akaweka na ya Baba pembeni. Akamwomba sonara atazame chini ya sikio la mfalme, zote tatu. Sonara aliinama na lenzi yake, akaenda ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi ya kwanza.

"Kovu moja," alisema. "Zimetoka kalibu moja."

"Basi huyo muuzaji ni tapeli, sote tunakubali," Mwenyekiti alisema, na kalamu yake ilikuwa imeanza kugonga meza.

"Tunakubali," Mama akasema. Akatoa picha niliyoichapisha, kubwa kama gazeti, akaitandaza mbele yao. "Hii ndiyo picha aliyoitumia kuuza sarafu hii. Kovu lile pale. Sasa tazameni pembeni." Akasogeza sanduku la mizani kwa mkono wake mwenyewe, na chini yake, kwenye kitambaa cha meza, kikatokea kiraka kilekile, uzi uleule uliokoza. Akaisukuma picha mpaka kiraka kikalala kando ya kiraka.

Niliona vichwa vikienda kwenye picha, kwenye kitambaa, kisha vyote kwa pamoja vikaenda kichwani pa meza.

"Kiraka hiki nilishona mimi," Mama alisema. "Naomba mnijibu nyinyi wenye chama. Kitambaa hiki kikitoka hapa, hulala kwa nani?"

Mwenyekiti alianza kusema kwamba mtu yeyote anaweza kuingia nyumbani kwake, kwamba ana wageni, ana mafundi. Hakuna aliyemwitikia, akaongea peke yake mpaka maneno yakamwishia. Sonara akamwambia, "Jibu alichokuuliza Mama." Na hapo mtu yule, ambaye tulimzoea akisimama kama mnara, akawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

"Mimi sizitengenezi," alisema. "Naletewa. Nauza tu."

Nesi aliinuka. Nilidhani atampiga. Aliokota sarafu yake, akaitupa kwenye glasi ya maji ya Mwenyekiti, akatoka nje akilia. Mama hakumwangalia Nesi. Alikuwa amesimama na mikono mezani, akimtazama Mwenyekiti usoni, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeshiba. Alimtazama hivyo mpaka Mwenyekiti akatafuta kofia yake bila kuiona, nayo ilikuwa mbele yake.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Sonara na wenzake walipeleka mashtaka polisi. Duka la saa lilifungwa, na watu walioacha saa zao pale walihangaika muda mrefu kuzipata. Siku moja mke wa Mwenyekiti alikutana na Mama sokoni akamsalimia. Mama akamwitikia vizuri, akamuuliza habari za watoto, na habari za mume hakumuuliza.

Wanachama walikuja nyumbani kumwomba Baba radhi. Mama aliwakalisha kwenye benchi la wateja, katikati ya vile vinywa vya plasta, akawaacha hapo mpaka wakachoka kutazamwa na meno. Baba alipoingia aliwapa mkono wote. Alikaa na Nesi kwa muda, wakashikana mikono. Lakini walipomwomba arudi chamani alisema atafikiri, na mpaka leo anafikiri.

Walipoondoka alituomba tumweleze yote tangu mwanzo, kwa mpangilio. Mama alieleza, na alieleza kwa utamu. Alipofika kwenye kiraka alinyoosha kidole mezani kana kwamba kitambaa kiko pale. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Picha ya kiraka mliipata lini?"

Tukamwambia.

"Na walionunua katikati ya hapo?"

Mimi ndiye niliyemtajia yule kijana na baba yake mgonjwa. Baba akanyoosha mkono aombe simu yangu, kisha akakumbuka vidole vyake, akanitajia maneno ya kuandika. Nikaandika kwamba sarafu ile ni bandia, kwamba tulijua tukakaa kimya, na kwamba tunaomba radhi.

Jibu lilikuja kesho yake. Kijana alishukuru. Alisema baba yake amelala nayo chini ya mto, anaitoa akija mgeni, na madaktari wamesema hana siku nyingi. Alituomba tusimwambie mtu mwingine mpaka yatakapokwisha.

Nilisoma kwa sauti. Mama alikuwa na kisu cha nta mkononi. Akasema kwamba hiyo nayo aongezewe Mwenyekiti kwenye hesabu yake.

"Hapana," Baba alisema. "Hiyo ni ya humu ndani."

"Basi nipe mimi," Mama akajibu. "Nitaibeba. Lakini ukiniuliza kama ningefanya tena, ningefanya tena, na meno ningemtengenezea vilevile."

Baba alimtazama mkewe, mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja maisha yote, kama anayesoma mwaka kwenye sarafu iliyochakaa. Akaenda uani. Mama akapasha kisu chake, akainamia taya lililokuwa mbele yake, akaanza kupanga meno.